Jinsi ya kupogoa miti bila kuanguka: mwongozo kwa anayeanza kazi ya bustani na miti

Maswali ni yale yale kila msimu wa kupogoa unapofika. Ngazi niiegemeze wapi? Mkanda wa kiunoni unatosha? Nikipanda mita tatu tu, kamba ya nini? Nimeyajibu kwa mtu mmoja mmoja kwa miaka mingi, na baadhi ya waliouliza walikuwa tayari wana mguu kwenye plasta. Kwa hiyo nimeyakusanya hapa, uyasome kabla hujagusa ngazi.

Swali la mita tatu nalijibu sasa hivi, kwa sababu mimi mwenyewe nilianguka kutoka chini ya hapo. Niliegemeza ngazi kwenye tawi lile lile nililokuwa nalikata. Ncha ya tawi ilikuwa nzito, imejaa majani, na uzito wake ndio uliokuwa umelivuta tawi zima chini. Ncha ilipokatika na kudondoka, kipande kilichobaki mtini kilipata nafuu, kikapanda juu kama upinde uliolegezwa. Ngazi ikabaki imeegemea hewa. Nilivunjika kifundo cha mkono na mbavu mbili. Ngazi ilikuwa nzima, msumeno ulikuwa mzima, na tawi lilianguka pale pale nilipotaka lianguke. Kosa lilikuwa limeshafanyika nikiwa bado nimesimama chini, naegemeza ngazi.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla ya mguu kuondoka ardhini. Utaona nimekaa huko muda mrefu kuliko juu ya mti.

Jambo moja kabla hatujaanza: kupanda mti kwa kamba hakujifunzwi kwa kusoma. Kunataka mwalimu aliye pembeni yako, mti mfupi, na siku nyingi za kuning'inia nusu mita kutoka chini hadi mikono izoee. Mwongozo huu utakusaidia kujua cha kuuliza, cha kukagua na cha kukataa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mtu wa pili. Simwongelei mpita njia wala mwenye nyumba anayechungulia dirishani. Awe mtu anayejua namna ya kukushusha, mwenye simu yenye chaji, anayeweza kumwelekeza dereva wa gari la wagonjwa mahali mlipo. Ukiwa peke yako, kazi ya juu ya mti haipo leo.
- Kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni. Isiyo na mkanda hutoka kichwani ukiwa bado hewani, na kichwa kinafika chini kikiwa wazi.
- Mkanda wa kupandia miti, ambao wengine huuita hanesi, unaokaa nyonga na mapaja. Mkanda wa kiunoni peke yake haufai kabisa. Ukianguka nao hukubana tumbo na mbavu, unaweza kupinduka kichwa chini, na ukipinduka unaweza kuchomoka.
- Kamba ya kupandia iliyotengenezwa kwa kubeba watu, unene wa milimita 11 hadi 13, yenye uwezo wa kustahimili angalau kilonewtoni 22, yaani mzigo wa zaidi ya tani 2, kabla ya kukatika. Kamba ya katani ya kufungia mizigo haimo. Kamba ya kushushia matawi pia haimo, hata kama jana ilikuwa mpya.
- Kamba fupi ya kujifungia kwenye shina. Kama utakata na msumeno wa mnyororo, ule ambao mafundi wengi huuita chensoo, kamba hii fupi iwe na waya wa chuma ndani. Waya huo hupunguza hatari ya kukatika kwa mguso wa bahati mbaya; hauizuii chensoo ukiikandamiza juu yake. Na kumbuka chuma hupitisha umeme.
- Karabina, yaani pete zenye mlango za kuunganishia kamba na mkanda, zinazojifunga zenyewe na kuhitaji vitendo viwili tofauti kabla mlango haujafunguka, kwa mfano kusukuma kisha kuzungusha. Za kubonyeza tu hufunguliwa na kijiti kidogo kinapojiegemeza juu yake.
- Buti zenye soli ya meno, miwani ya kukinga macho, filimbi, na msumeno wa mkono wenye ala.
- Bandeji kubwa ya kuzuia damu, ikiwa kwenye mkanda wako mwenyewe. Iliyobaki garini haitakufikia juu.

Hatua ya 1: Jiulize kama kweli lazima upande

Kinga bora dhidi ya kuanguka ni kutopanda. Matawi mengi ya bustanini yanafikiwa ukiwa umesimama ardhini, kwa msumeno wa mpini mrefu. Ukiutumia, simama pembeni, kamwe usisimame chini ya tawi lenyewe. Mti uliokauka na kuoza mara nyingi huangushwa kwa usalama zaidi kutoka chini, au hukatwa kwa kikapu cha kunyanyulia watu kilicho kwenye mkono wa mashine, kwa sababu haustahili kubeba uzito wa mtu.

Watu wanaruka hatua hii kwa sababu kupanda kunaonekana ndiyo kazi yenyewe. Mteja hakulipi kwa kupanda. Anakulipa tawi liondoke.

Hatua ya 2: Uzunguke mti mzima, kuanzia mizizi

Usisimame upande mmoja ukatazama juu. Uzunguke wote, polepole, mara mbili. Mara ya kwanza tazama chini, mara ya pili tazama juu.

Kwenye mizizi tafuta nyufa za udongo, udongo ulioinuka upande mmoja, na uyoga unaoota kwenye tako la shina. Uyoga mgumu kama rafu ndogo ukutani ni dalili kwamba ndani kunaoza, hata kama majani juu ni ya kijani kibichi. Kwenye shina tafuta mashimo, nyufa za wima na sehemu ambazo gome limebanduka. Gonga kwa nyundo ya mbao ukizunguka: mti mzima hutoa mlio mzito uliojaa, ulio na uwazi ndani hulia kama ngoma. Angalia panda, pale mashina mawili yanapoachana. Ikiwa yanabanana kama herufi V na gome limejikunja katikati yake, hapo hakuna mbao iliyoshikana. Ni magome mawili yanayosukumana. Usifunge kamba yako hapo.

Juu, tafuta matawi makavu na yaliyokatika zamani yakanasa. Tafuta pia nyuki na nyigu. Wengi hawaoni uhusiano kati ya nyuki na kuanguka mpaka wamuone mtu aliyeshambuliwa akiwa juu. Mikono yote miwili inakwenda usoni, na hakuna unaoshika mti.

Kisha nyaya za umeme. Zitafute kutoka pande mbili, maana majani huzificha. Mtu asiyefunzwa kazi ya karibu na umeme akae angalau mita 3 mbali na waya, yeye mwenyewe, ngazi yake, msumeno wake wa mpini mrefu na tawi analolikata. Nyaya za msongo mkubwa zinataka umbali zaidi ya huo. Tawi bichi hupitisha umeme. Waya wenye ganda jeusi pia uuhesabu kuwa uko uchi. Kama mti umeigusa waya, kazi hiyo si yako tena: piga simu kwa shirika la umeme. Wengi waliopigwa na umeme mtini waliumizwa mara mbili, kwanza na umeme wenyewe, kisha na ardhi.

Minazi, mitende na jamii yake yote ina hatari ya peke yake. Makuti makavu ambayo hayajaondolewa kwa miaka hujikusanya yakazunguka shina kama sketi. Usipande ukiwa chini yake huku ukiyakata kuelekea juu. Sketi nzima inaweza kuteleza kwa pamoja, ikakukandamiza kwenye shina, na mtu aliyefungwa mkanda hawezi kuikwepa. Waliokufa hivyo hawakufa kwa kuanguka, walikosa pumzi. Makuti hayo huondolewa kuanzia juu kushuka, na mtu akiwa juu yake au kwenye kikapu pembeni.

Hatua ya 3: Safisha chini na uweke mipaka

Ondoa mipira ya maji, reki, toroli, vyungu na matawi ya jana. Ziba au weka alama kwenye mashimo. Utakaposhuka umechoka, mguu utakanyaga bila kutazama.

Weka mpaka wa eneo la kuangukia matawi kwa kamba au koni. Mwenzako asiingie humo bila wewe kumjibu. Ngazi isimame nje ya njia ya tawi linaloanguka, ukikumbuka kwamba tawi refu halianguki wima. Huzunguka, hugonga tawi jingine, hubembea. Ngazi nyingi hupigwa na tawi ambalo mkataji aliamini linakwenda upande mwingine.

Hatua ya 4: Kagua vifaa kwa vidole

Macho peke yake hayatoshi. Ipitishe kamba yote mkononi, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila glovu. Unatafuta mahali palipofura, palipokonda, palipokuwa pagumu, palipong'aa kwa kuungua na msuguano, na nyuzi zilizochomoka. Kamba iliyomwagikiwa asidi ya betri inaweza kuonekana safi kabisa huku imeshakufa ndani, kwa hiyo isikae kwenye sanduku moja na betri wala mafuta ya chensoo. Jua la siku nyingi pia huiua.

Kwenye mkanda, kagua mishono na mahali pa kufungia. Kwenye karabina, achia mlango ujifunge wenyewe mara kumi. Ukisita hata mara moja, iweke kando.

Kifaa chochote kilichowahi kumzuia mtu kuanguka kwa kishindo hakirudi kazini. Ukikitupa kikiwa kizima, kesho utakikuta kiunoni mwa mtu mwingine. Kikate vipande vifupi visivyofungika.

Hatua ya 5: Patana na mwenzako kwa maneno

Chagueni maneno machache na ishara za mikono za kutumia chensoo inapolia. Mtu wa juu anasema "Nakata". Wa chini hajibu "sawa" kwa mazoea, anajibu "Niko nje" akiwa kweli yuko nje ya mpaka. Bila jibu, hakuna kukata.

Halafu zungumzeni swali ambalo vikundi vingi hulikwepa: ukizimia juu, unashukaje? Mtu aliyening'inia kwenye mkanda bila kujitikisa damu yake hubaki miguuni, na hali yake huweza kuwa mbaya ndani ya dakika chache. Kungoja gari la zimamoto si mpango. Mpango ni kamba ya pili iliyokwisha kuwekwa mtini, mtu wa pili mwenye mkanda wake amevaa na anayejua kupanda, au mfumo wa kamba ambao mtu wa chini anaweza kuulegeza ukashuka taratibu. Jaribuni mkiwa wazima, mita moja kutoka chini. Mkiona haiwezekani mkiwa wazima, haitawezekana siku ya ajali.

Hatua ya 6: Ngazi

Hapa ndipo ninapopata maswali mengi kuliko kote, na hapa ndipo wanaoanza wanapoumia zaidi.

Kwa kila mita 4 za urefu hadi pale ngazi inapoegemea, mguu wake uwe mita 1 kutoka kwenye shina. Kipimo cha haraka: gusisha ncha za buti kwenye miguu ya ngazi, simama wima, nyoosha mikono mbele. Viganja vikifika kwenye kidato bila kuinama wala kukunja viwiko, mwinamo uko sawa. Ikiwa imesimama sana itakurusha nyuma. Ikiwa imelala sana itateleza miguu.

Iegemeze kwenye shina au kwenye tawi nene ambalo halikatwi leo, kamwe si kwenye tawi unalolikata. Miguu ikae kwenye udongo mgumu. Kwenye udongo laini weka ubao mpana chini yake, ila usiweke matofali upande mmoja kuisawazisha. Mwenzako aishike wakati unapanda mara ya kwanza, na kazi yako ya kwanza ukifika juu ni kuifunga ngazi kwenye shina kwa kamba. Kumwacha mwenzio ashike ngazi muda wote huku matawi yanadondoka kichwani mwake ni kubadilisha ajali moja kwa nyingine.

Ukiwa juu, vidato vitatu vya mwisho si vya kusimamia. Kitovu chako kisitoke nje ya mihimili miwili ya ngazi. Tawi likiwa mbali, shuka uhamishe ngazi. Najua inachosha. Wengi walioniletea habari ya kuanguka walikuwa wananyoosha mkono kufikia tawi la mwisho. Wakati wa kupanda na kushuka, viungo vitatu viguse ngazi daima, miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Msumeno usiwe mkononi. Uvute juu kwa kamba ukishafika.

Chensoo haitumiki ukiwa juu ya ngazi. Inataka mikono miwili, na ngazi nayo inataka mkono. Ngazi ya alumini isikaribie umeme hata kidogo.

Kwa ua wa mimea, ngazi ya miguu minne kwenye nyasi hucheza, kwa sababu ni nadra miguu yote minne kukaa sawa kwenye ardhi ya bustani. Ya miguu mitatu hutulia zaidi, na mguu wake wa tatu huingia ndani ya ua.

Hatua ya 7: Panda ukiwa umefungwa tangu chini

Kamba ya kupandia ifungwe kwenye mbao hai, kwenye panda pana, na izunguke shina lenyewe pale inapowezekana. Tawi linaloibeba liwe na unene wa angalau sentimita 10, na zaidi kwa miti inayojulikana kwa kuvunjika ghafla. Kabla ya kupanda, wewe na mwenzako mning'inie pamoja kwenye kamba hiyo mkiwa bado chini. Sikilizeni. Mlio wowote wa kupasuka ni jibu.

Kisha mambo matatu ambayo hayana msamaha:

1. Mahali kamba ilipofungwa pawe juu yako daima, na kamba isilegee. Kamba hizi hazina mnyumbuko wa kukupokea. Ukipanda juu ya nanga yako kisha ukateleza, utaanguka urefu wote uliolegea, na mgongo wako ndio utakaopokea kishindo.
2. Unapovuka tawi, funga kamba ya pili kwanza, iwekee uzito, ndipo ufungue ya kwanza. "Nafungua sekunde moja tu" ndiyo sentensi inayoua watu katika kazi hii. Nawaomba wanafunzi wangu wasiitamke hata kwa utani.
3. Mwisho wa kamba uwe na fundo la kuzuia. Kamba fupi kuliko mti huishia mkononi ukiwa bado mita kadhaa kutoka chini, na fundo la kushukia hupita mwishoni kabla hujajua.

Viatu vya miiba hutumika kwenye mti unaokatwa wote tu. Kwenye mti hai vinatoboa vidonda vinavyoingiza magonjwa. Pia huteleza kwenye gome lililolegea, kwa hiyo bila kamba fupi kuzunguka shina ni hatari kuliko kutembea peku.

Hatua ya 8: Fungwa mara mbili kabla ya kukata

Ukiwa unakata, uwe umefungwa sehemu mbili zisizotegemeana: kamba ya kupandia na kamba fupi. Meno ya msumeno yakigusa moja, nyingine ibaki. Hili linahusu msumeno wa mkono pia. Kamba iliyokazwa na uzito wa mtu hukatika kwa mvuto mmoja wa msumeno mkali wa mkono, haisubiri injini.

Kabla ya kila mkato tazama kamba zako zote mbili ziko wapi. Simama juu au pembeni ya tawi, si chini yake, na mkato usiwe juu ya mabega yako. Mikono miwili kwenye chensoo. Washa breki ya mnyororo kila unapohama, hata nusu mita.

Kata kwa mikato mitatu. Wa kwanza uanze chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, uingie robo hadi theluthi ya unene. Wa pili utoke juu, mbali kidogo zaidi na shina kuliko ule wa kwanza, mpaka tawi lidondoke. Wa tatu uondoe kisiki kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe ambapo tawi linaungana na shina. Vitabu vya bustani hueleza mikato hii kwa ajili ya afya ya mti. Kwako ina faida nyingine: ukikata kutoka juu tu, gome la chini halikatiki, linachanika kama utepe, na tawi zima linabembea kuelekea miguuni mwako.

Hatua ya 9: Shuka kabla hujachoka

Mikono inayotetemeka, kiu, kichwa kuuma na kuanza kukosea mafundo uliyoyafunga mara mia ni dalili za kushuka. Teremsha msumeno kwanza kwa kamba. Usiruke kipande cha mwisho. Vifundo vya miguu vingi huteguka kwenye mita ile moja iliyobaki.

Ukitumia kikapu cha kunyanyulia watu

Funga mkanda wa mwili mzima kwenye sehemu maalumu ya kikapu kabla hakijainuka, usiufunge mtini. Ukifungwa mtini na kikapu kikisogea, mkono wa mashine ndio utakaoamua. Miguu ikae sakafuni, usisimame kwenye ukingo wala kutoka kikapuni kwenda kwenye tawi. Hatari kubwa hapa ni gogo kuugonga mkono wa mashine. Mkono hupinda kisha hurudi kwa nguvu, na asiyefungwa hutupwa nje.

Kuanguka bila kupanda

Usidhani aliyebaki chini yuko salama. Mashine ya kukata nyasi ya kusukuma ipitishwe kwa upana wa mteremko, kushoto na kulia, ili ukiteleza usiingie chini yake. Ile ya kuendesha umekaa huenda kinyume: juu na chini, kwa sababu ukikata kwa upana inapinduka. Nyasi zikiwa na umande kwenye mteremko, ngoja zikauke.

Usishuke kwa kuruka kutoka kwenye bodi la lori. Geuka, tazama lori, shika, shuka. Unaporudi nyuma ukivuta matawi au ukikata ua juu ya ukuta wa kushikilia udongo, weka alama mita moja kabla ya ukingo. Anayerudi nyuma haoni ukuta unapoishia.

Matatizo ya kawaida na la kufanya

*Ngazi inacheza nikiwa juu.* Usijaribu kuisawazisha kwa kuhamisha uzito. Kumbatia shina, mwite mwenzako, shuka, anza upya kutoka hatua ya 6.

*Miguu inatetemeka, siwezi kusogea.* Keti kwenye mkanda wako, uachie ukubebe. Kaza kamba fupi. Pumua polepole, tazama gome lililo mbele yako. Mtetemo ukiisha, shuka. Usiendelee na kazi siku hiyo.

*Tawi limekatika lakini limenasa juu.* Usilitikise ukiwa chini yake, usilipandie. Livute kwa kamba ukiwa mbali na pembeni.

*Upepo umeanza, au mvua.* Shuka. Gome lililoloa huteleza, na tawi linaloyumba linaufunga na kuuachia msumeno bila taarifa.

*Msimamizi anasema mkanda unachelewesha kazi.* Mwambie wazi, mbele ya wenzako, kwamba hupandi bila mkanda, kisha uandike tarehe na alichosema. Nimewahi kunyamaza kwenye hali kama hiyo nikiwa kijana na ninajutia mpaka leo, maana aliyepanda baada yangu ndiye aliyeanguka.

*Mwenzangu amegusa waya.* Usimguse, usiguse mti wala ngazi. Ondoa watu, ita shirika la umeme na huduma ya dharura. Hakuna kumkaribia mpaka umeme uthibitishwe kuwa umekatwa.

*Amening'inia na hajibu.* Anzeni kumshusha mara moja kama mlivyofanya mazoezi, mmoja akipiga simu. Akifika chini mlaze chali kama mgonjwa mwingine yeyote, hakikisha anapumua. Hapumui, anza kumkandamiza kifua.

*Ameanguka chini.* Piga simu kwanza. Usimwinue, usimkalishe, usimpe maji. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake na kukishikilia kisigeuke, kwa sababu uti wa mgongo huenda umevunjika hata kama anasema hana maumivu. Kofia ibaki kichwani kama anapumua vizuri. Damu inayobubujika ikandamizwe kwa nguvu bila kuinua mkono kila mara kuchungulia. Mfunike asipate baridi. Mhamishe tu ikiwa kuna hatari kubwa zaidi pale alipo, kwa mfano tawi linalokaribia kuanguka.

*Ameinuka mwenyewe, anasema yuko sawa.* Apelekwe kwa daktari hata hivyo. Damu inayovuja ndani ya fuvu au tumboni huweza kuchukua saa nyingi kujionyesha. Kwa siku mbili asilale peke yake wala kuendesha gari. Kutapika, kichwa kuuma kunakozidi, usingizi usio wa kawaida, maneno kuvurugika au mkono kupoteza nguvu, arudi hospitali wakati huo huo.

*Baada ya ajali, nani anaandika nini?* Mjulishe mwajiri siku hiyo hiyo kwa maandishi, kwa sababu madai ya fidia ya kazini huwa na muda wake wa mwisho. Mwambie daktari wazi kwamba umeumia kazini, ili liingie kwenye karatasi za hospitali. Pigeni picha za ngazi, mti, kamba na ardhi kabla ya chochote kuhamishwa, mwandike majina ya waliokuwepo. Kamba, mkanda na karabina zilizohusika zitiwe kwenye mfuko mmoja, zifungwe, ziandikwe tarehe na kuwekwa mahali pa kufungwa kwa ufunguo. Hizi msizikate vipande mpaka uchunguzi uishe.